Mzee Mkungu na Gambuti Zisizoteleza

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimekuwa mtu maarufu. Nimeamua kuandika mwenyewe, ili wajukuu zangu wasije wakasimuliwa na Ezron.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki iliyopita nilikuwa nateremka kile kilima chetu cha Kisondela, mkungu wa ndizi begani. Mvua imenyesha, udongo umekuwa mlenda. Nikateleza. Mtu wa kawaida angeutupa mkungu ajiokoe. Mimi nilishuka kwa makalio toka juu mpaka kwenye daraja la magogo, mkungu nimeuinua juu kama kombe la mpira. Haikugusa chini hata ndizi moja! Simon wa bodaboda alikuwa darajani anasubiri abiria. Badala ya kunisaidia akatoa simu akanirekodi. Nilimtukana palepale. Sasa namwombea kwa Mungu.

Video imefika Mbeya. Imefika Dar. Mwanangu Lugano, anayeendesha lori, amepiga simu toka Kasumulu mpakani. Anasema hata Wamalawi wanaicheka. Nikamsahihisha: wanaishangilia. Huko mtandaoni naitwa Mzee Mkungu.

Ezron jirani yangu amesema kuanguka si kazi ya kujivunia. Wivu. Yeye aliwahi kusomwa jina redioni kwenye salamu, tena wakalikosea.

Jioni simu imeita. Meshaki, yule mwenye duka la viatu Tukuyu mjini. Anataka kuongea na mimi kibiashara. Nilimwambia subiri niangalie ratiba. Nikakaa kimya kidogo, nikamwambia kesho naweza.

Jumanne, 4 Machi

Tukuyu. Mvua toka asubuhi.

Meshaki ameingiza gambuti mpya zinaitwa Tope Sifuri. Rangi ya kijani, zina picha ya radi ubavuni. Anataka niwaambie wananchi kwamba nilianguka kwa sababu sikuwa nimezivaa. Hilo ni kweli tupu. Siku ile nilikuwa na yeboyebo za plastiki.

Malipo: jozi moja ya gambuti, na la pili, ambalo limeninyima usingizi hadi sasa hivi, BANGO. Picha yangu, kubwa kama mlango wa kanisa, stendi ya Tukuyu! Kila basi la Kyela litanipita mimi kwanza.

Tatizo dogo. Gambuti alizonipa hazikuniingia. Mguu wangu ni wa mtu aliyekua bila viatu, vidole vimetawanyika kama watoto wa kuku. Meshaki akasema hakuna shida, atanirekodi kuanzia kiunoni kwenda juu, gambuti nizishike mkononi. Nikazishika. Nikasema: "Mimi Mzee Mkungu, hizi nimezivaa masika matatu, sijateleza tena!"

Msichana wa dukani akauliza masika matatu vipi, wakati maboksi yamefunguliwa juzi. Meshaki akamwambia akafagie stoo. Halafu akanifafanulia mimi kwamba kwenye matangazo haiitwi uongo, inaitwa hamasa. Nimeelewa mara moja. Mimi shule niliacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ananionea wivu.

Nimerudi na gambuti zangu. Nimezitupa nyuma ya jiko.

Jumatano, 5 Machi

Tangazo limetoka! Watu wanabonyeza mioyo mpaka simu inapata moto. Mmoja wa Arusha kaandika: huyu mzee hawezi kudanganya, mtazame uso. Nimejitazama kwenye kioo. Ni kweli.

Limetokea suala la mila. Hellen, mke wa Lugano, anakaa hapa hapa kwetu wakati mume yuko barabarani. Na kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Haongei naye. Jina lake halitaji. Mimi nikiingia uani nakohoa, yeye anapita mlango wa nyuma anaingia migombani mpaka nipite. Siku hizi wengi wameacha. Ezron anakula sinia moja na mkamwana wake, wanachekeana kama watu wa rika moja. Mimi hapana. Tangu Hellen aolewe sijamwona zaidi ya kisigino, na sauti yake sijawahi kuisikia. Mtoto ana heshima kuliko kaburi.

Sasa: je, akinitazama kwenye simu, amenitazama? Nimefikiri sana. Nimetoa hukumu kwamba ruhusa kusikiliza, ila simu ailaze kifudifudi. Mke wangu Veronika ameifikisha hukumu. Amerudi akisema Hellen ameisikiliza mara nyingi sana, kifudifudi.

Nikamwambia unaona? Shabiki.

Jioni amekuja dada yangu Atupakisye toka Mpuguso. Huyu ni mchuma chai, na ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wenzake. Hakukaa. Akaniuliza akiwa amesimama: kaka, hizo gambuti umezivaa kweli? Nikamwambia si umesikia. Akasema kusikia nimesikia, nakuuliza wewe, si simu. Akaeleza kwamba zao zimepasuka, wanashinda kwenye majani yaliyolowa toka alfajiri, mama mmoja vidole vimeoza katikati. Wamechanga, na wanataka kununua za wote kwa pamoja, wazivae kwenye maandamano ya Siku ya Wanawake Jumamosi, halafu ndizo za kazi masika yote. Hawataweza kuchanga mara mbili.

Nilimtazama dada yangu. Nikaona bango.

Nikamwapia kwa kaburi la mama.

Akasema basi, kama ni hivyo basi, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka na mvua yake.

Ijumaa, 7 Machi

Adui!

Imezuka akaunti inaitwa Mguu Mkavu. Ni mwanamke. Uso hauonyeshi, ni mikono tu na sauti. Amechukua gambuti ya Tope Sifuri, ameitundika kwenye kamba ya nguo, akachota maji kwa kata akaijaza. Maji yakaanza kutoka kwenye soli, tii, tii, tii, halafu chururu. Akasema kwa sauti tamu, ya pole, kama anambembeleza mtoto: "Haya ndugu zangu. Kama yanatoka hivi, na kuingia yanaingia. Yule baba wa matangazo atuambie masika matatu aliyavukaje."

Yule baba wa matangazo! Hata jina langu hathubutu kulitaja! Mwoga.

Nimeirudia video hiyo mpaka bando limekata. Nimechunguza kipelelezi. Nyuma yake pana mgomba ulioinama umeegemezwa panda, kama wa kwangu. Anapita mbwa wa kahawia mwenye sikio lililochanika, kama Jemedari wangu. Kumbe mbwa wa namna hii wamejaa Rungwe nzima. Mwisho kabisa kuna mwanamume anakohoa kwa mbali, na hapo hapo video inakatika. Kifua kibaya. Maskini, yule mwanamke ana mume mgonjwa. Angeacha mitandao ampikie mzee wa watu tangawizi.

Nimemwambia Veronika naamini ni mke wa Ezron. Veronika ameinama kupuliza moto. Mabega yalikuwa yanatikisika. Moshi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Nilifika Tukuyu mapema, nimevaa koti la harusi yangu. Watu walinijua! Kijana mmoja alipiga picha na mimi akaniomba nijifanye naanguka. Nikaanguka kidogo. Mashabiki ni mashabiki.

Meshaki alikuwa mlangoni kwake amekunja mikono. Duka lilikuwa jeupe, ameuza zote. Nilimuuliza bango. Akasema linachapwa Mbeya.

Kisha maandamano. Walimu wanawake. Manesi. Mama lishe. Halafu kina Atupakisye! Vitenge sare, gambuti za kijani za radi, wanapiga mguu kama jeshi, dada yangu mbele na kibao chao. Nikawaambia waliokuwa karibu yangu kwamba hiyo ni kazi yangu. Niliwaambia na habari za mkungu, uliokuwa wa kubebwa na watu wawili.

Mvua ikamwagika.

Mara ya kwanza nilidhani ni watu wanapiga makofi. Pa. Pa. Pa. Zilikuwa soli. Zilianza kufunguka kwa mbele kama midomo ya samaki, zikawa zinapiga lami kila hatua, pa, pa. Walipofika pale kwenye tope karibu na jukwaa, soli zikabaki. Wanawake wakaendelea. Mguuni kila mmoja amebaki na bomba la mpira la kijani, chini kidole kinatazama nje. Mgeni rasmi akasimama kuona vizuri. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa heshima, baadaye bila.

Atupakisye hakukimbia. Alivua yale mabomba, akaweka chini, akamaliza maandamano pekupeku na kibao chake juu. Wenzake wakafanya vilevile. Jukwaa zima likawapigia makofi.

Alipomaliza akanifuata kwenye umati. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kukimbilia dukani. Alinipa soli moja mkononi, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Meshaki anasema tatizo ni mwendo. Wanawake wa mlimani wanakanyaga kwa chuki.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimekaa benchi langu peke yangu. Nimejitanua.

Mguu Mkavu ametoa nyingine. Ameeleza yaliyotokea jana, taratibu, bila kutukana. Kasema mtu mashuhuri akikwambia kitu kizuri, mwulize kama kipo nyumbani kwake au kimetupwa nyuma ya jiko. Nilishtuka. Kajuaje? Lazima mke wa Ezron anachungulia kwenye ua wangu!

Halafu akatoa changamoto. Kwamba yule baba avae gambuti zake mbele za watu, abebe mkungu, ateremke kilima kile kile. Akishuka salama, yeye atamwomba radhi hadharani. Mwisho kikohozi, video ikakata. Kifua cha yule bwana hakijapona.

Baada ya ibada Ezron amenijia na mdomo mpaka masikioni. "Bwana Jairo, utashuka lini tuje na viti?" Nikamwambia mtu wa hadhi yangu hashuki kwa kuitwa na mwanamke asiye na kichwa.

Atupakisye alikuwepo. Alipitia mlango mwingine. Dada yangu wa tumbo moja, ambaye nilimbeba mgongoni kuvuka mto! Yeye huwa anasema ndiye aliyenibeba mimi, lakini hilo halina ushahidi.

Jumanne, 11 Machi

Upelelezi. Mpango wangu ni huu: sauti naijua, kwa hiyo nitazunguka kusikiliza sauti za wanawake wote mpaka niikute.

Nimeanza kwa mke wa Ezron. Nikamsalimia, nikamwomba aseme "masika matatu". Akauliza kwa nini. Nikamwambia aseme tu. Akasema mengine, mengi, hakuna hata moja ninaloweza kuliandika hapa. Sauti ya kinu. Siye.

Nikapanda pikipiki ya Simon mpaka gulio la Masukulu. Kila muuza maharage nikamwomba aseme "gambuti". Wa kwanza alisema. Wa pili akaniuliza kama nina mke. Wa tatu aliita waume. Tumeondoka kwa kasi, mimi na Simon. Njiani Simon alikuwa anacheka mpaka pikipiki inayumba. Anasema eti kata nzima inajua ni nani isipokuwa mimi. Nikamwambia ataje. Akasema hapana, ananiheshimu, na nyumba yangu anaiheshimu. Nyumba yangu inaingiaje hapa? Vijana wa siku hizi wanaongea ovyo.

Usiku wakati wa chakula nimemwambia Veronika nimefuta karibu wanawake wote wa kata. Na aliye rahisi kumfuta kuliko wote ni mkamwana wetu, kwa sababu yule hana sauti kabisa. Veronika alipaliwa na ndizi. Nilimpiga mgongoni mpaka machozi yakamtoka. Nyuma ya ukuta wa jiko kuna mtu mwingine naye alikuwa anapaliwa.

Mboga itakuwa na pilipili nyingi.

Alhamisi, 13 Machi

Meshaki amekuja mwenyewe, na gari. Anasema duka limekuwa kama lina msiba, watu wanapita upande wa pili wa barabara. Lazima nikubali changamoto. Nikishuka salama, mzigo wa pili uliopo stoo utaisha, na bango linasimamishwa siku hiyo hiyo. Nimeuliza litakuwa na uso wangu wote? Akasema mpaka mabega.

Nimekubali. Jumamosi.

Hajafika mbali, ikaja salamu toka kwa Atupakisye. Kamtuma Veronika, kama vile mimi na yeye ni wakwe. Anasema hataki gambuti nyingine wala hataki fidia. Hao wenzake wamerudi kazini na mifuko ya nailoni miguuni. Anachotaka ni kwamba niseme kwa mdomo wangu, kwenye simu ile ile niliyotangazia, kuwa sikuwahi kuzivaa. Ili wachuma chai wa kata nyingine wasinunue huo mzigo wa pili. Nikisema, bado ni kaka yake. Nisiposema, nisimwite kwenye msiba wala harusi.

Kitu hiki kimenikaa kifuani. Mimi si mtu mbaya. Nimejifungia chumbani nimejirekodi.

Mara ya kwanza nikasema ndugu wananchi, nina jambo la kweli la kuwaambia, kuhusu siku ile ya mkungu, ambao ulikuwa wa kubebwa na watu watatu... Nikajikuta nimeusimulia wote mpaka darajani. Mara ya pili nikaongeza na mto uliofurika. Mara ya tatu alikuwemo chui.

Nilipojisikiliza, video zote tatu zilikuwa nzuri sana. Lakini gambuti sikuzitaja. Nimeahirisha.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaeleza ukweli mtupu, kwa sababu wataupotosha.

Kilima kilijaa. Viti vya Ezron, kweli alivileta. Wauza karanga, bodaboda, wanakwaya. Meshaki yuko chini darajani na mpiga picha toka Mbeya. Wachuma chai wamesimama upande mmoja na mifuko yao ya nailoni miguuni. Dada yangu kati yao.

Gambuti alizoniletea Meshaki hazikuingia, kama nilivyosema. Nikatumia akili. Nilikwenda nyuma ya migomba nikachukua maparachichi mawili yaliyoiva, nikayaponda, nikapaka miguu yote mpaka kwenye magoti, nikasukuma. Zikaingia! Mafuta ya parachichi ni kitu kikubwa. Wazungu wanalifuata hapa Rungwe kwa ndege, mimi nilikuwa nalo mguuni.

Nikatwika mkungu. Nikapiga hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Nikasikia watu wanasema mh, anaweza. Nikamtafuta dada kwa macho nimwoneshe. Hatua ya tatu gambuti zikazama kwenye tope, zikashika kama zimechimbiwa.

Mimi nikaendelea.

Miguu ilitoka ndani ya zile gambuti kama ndizi inavyotoka kwenye ganda. Nilipita kilima chote kwa tumbo, kichwa mbele, mkungu ukinitangulia. Mkungu ulimkuta Meshaki magotini. Mimi nikamkuta Meshaki akiwa tayari chini. Sote tukaukuta mto.

Nageuka kutazama juu: gambuti zimesimama palepale kilimani, wima, mbili, kama watu wanaosubiri basi.

Nawaulizeni basi. Nani aliteleza? Gambuti hazikuteleza! Aliyeteleza ni mimi!

Nilikuwa najiandaa kulisema hilo kwa sauti, ila mgongo ulikuwa haunipi ruhusa. Watu wote wameshika mbavu, hakuna anayenisogelea. Ndipo nikasikia sauti ya kike juu ya vicheko: "Jamani mwinueni baba! Mgongo wake huo! Acheni simu, mwinueni!"

Sauti tamu. Ya pole. Kama anambembeleza mtoto.

NDIYE! Nikanyanyua kichwa toka kwenye matope, nikapiga kelele mkamateni, Mguu Mkavu huyo! Umati ukapasuka katikati. Nikaona kitenge kimevutwa kufunika kichwa kizima, mwanamke anakimbia ameinama, anaingia migombani ili nisimwone uso.

Nikaona kisigino.

Kile kisigino nakijua.

Kila mtu alikuwa ananitazama mimi, hata yule muuza maharage wa Masukulu. Veronika aliangalia mawingu. Aliyeshuka kunipa mkono ni Atupakisye. Alinivuta akasema pole, kaka, taratibu tu, na baada ya kuniinua akaupangusa mkono kwenye kitenge chake, kwa ajili ya parachichi.

Jumapili, 16 Machi

Kitandani. Mgongo.

Nimepanga maneno makali ya kumwambia Hellen. Yanajaza kurasa. Halafu nimekumbuka siwezi kumwambia. Mila! Nitamfokeaje mtu nisiyeruhusiwa kumsemesha? Mwenyewe nimeilinda mila hii wakati Ezron anakula sinia moja, leo imenifunga kamba.

Nimemtuma Veronika: mwambie ameniaibisha. Amerudi: anasema shikamoo baba, pole na mgongo, na je, baba hakuwaaibisha kina shangazi? Nimemtuma tena: mwambie gambuti za kufanyia majaribio alizitoa wapi? Jibu: nyuma ya jiko, baba alipozitupa. Nimemtuma: na ule mgomba? Wa baba. Na mbwa? Wa baba. Na kikohozi?

Hilo Veronika hakulipeleka. Alikaa chini akacheka mpaka akalala.

Kwa hiyo yule mzee mgonjwa wa kifua ni mimi. Nimekunywa tangawizi.

Hellen ameleta chakula mlangoni, ndizi na maharage, maini ya kuku yote yamo. Amekiweka, amekohoa yeye, akaondoka. Nimekula. Kupika anajua. Amesema kupitia kwa Veronika kwamba siku baba atakaposema ukweli kwenye simu, ataziondoa video zote, na hatarudia.

Bango kwanza.

Jumatatu, 17 Machi

Simon amenipeleka stendi polepole, nimekaa upande kama bibi harusi.

Bango lipo. Kubwa kama mlango wa kanisa, Meshaki hakudanganya. Picha imepigwa Jumamosi. Ni gambuti mbili za kijani, zimesimama wima kwenye kilima cha tope. Juu yake maandishi: HAZITELEZI.

Uso wangu haupo. Nimetafuta. Kwenye kona ya chini, kulia, kuna kitu cha duara chenye matope. Simon ametazama kwa karibu akasema mzee, hongera, hilo ni kalio lako.

Nimekwenda dukani. Meshaki, ambaye naye anatembea kwa fimbo, amesema biashara imebadilika, watu hawauamini tena uso wangu, ila picha ya gambuti zenyewe haina ubishi. Akasema nisihuzunike, sehemu yangu ipo.

Kalio! Stendi! Mabasi yote ya Kyela!

Nikiwa bado na moto nimemwambia Simon washa simu. Hapo hapo chini ya bango nikasema yote. Mimi Jairo, sikuwahi kuzivaa, hazinitoshi, nilizishika mkononi, masika matatu niliambiwa niseme, dada yangu aliniuliza nikamwapia uongo, msinunue. Bila mkungu. Bila chui. Kama Meshaki angeniwekea uso, nisingesema hata neno, lakini hilo sikuliweka kwenye video.

Jioni Atupakisye amekuja. Aliingia ndani, akakaa kitini, akala. Akaniita kaka mara kadhaa bila sababu. Alilia kidogo. Anasema wa kata nyingine wamerudisha oda. Mimi nami nilitokwa na chozi, upande wa mgongo.

Hellen ameziondoa video zote.

Jumatano, 19 Machi

Huyu Mungu wa ajabu sana!

Ile video ya kusema ukweli imezipita zote. Imeupita mpaka mkungu. Watu wanaandika: mzee mkweli, viongozi waige, huyu namwamini kuliko redio. Sasa naitwa Mzee Mkweli. Nimelizoea haraka.

Saa nne simu imeita. Bwana mmoja wa Mbeya, anauza mafuta ya mgongo na miguu, yanaitwa Nyoosha. Anasema wametafuta nchi nzima mtu ambaye wananchi wanauamini ukweli wake. Nikamwambia umepiga namba sahihi. Malipo: katoni moja, na bango. Uyole, barabara kuu! Uso mpaka kiunoni, kwa maandishi.

Mchana makopo ya kwanza yamefika na basi. Harufu yake kali, vifuniko vigumu, sikufungua hata kimoja. Simon amenirekodi getini, nimesimama wima kwa maumivu makali. Nikasema: "Mimi Mzee Mkweli, mnanijua sidanganyi. Nyoosha nimejipaka masika matatu!"

Atupakisye alikuwa amekuja kunikanda mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza taratibu: kaka, na hayo umejipaka kweli? Maana yule mwenzangu wa vidole bado hajapona.

Nikaiona Uyole. Nikamwapia kwa kaburi la mama, na safari hii nikaongeza la baba.

Yuko jikoni na Veronika muda mrefu, wananong'ona. Sasa hivi Veronika ametoka kuniambia kuwa mkamwana anaomba kopo moja la Nyoosha, kwa heshima zote, alitazame tu.

Nimempelekea mawili. Mtoto ana adabu sana yule. Toka hapa kitandani namsikia nyuma ya jiko, anachota maji kwa kata.